Samaki wa saluni kaota uvimbe, wateja wanasema ni kansa

MUULIZE MJOMBA KAMONGO

Mwangaluka Mjomba,

Mimi nipo Kirumba hapa hapa Mwanza, nina saluni ya kike, huu mwaka wa sita. Pale kwenye benchi la kusubiria niliweka tanki la samaki, rafiki yangu aliniambia mteja akiwa anaangalia samaki hasikii foleni na kweli aisee, mtu anakaa masaa mawili hajanuna. Tanki ni la lita 60, ndani kuna goldifishi watatu, niliwatoa Dar 2021 nikaja nao na basi kwenye mfuko wa nailoni wenye oksijeni, njia nzima nimeupakata kama mtoto mchanga.

Sasa yule mkubwa, wa rangi ya chungwa mwenye mkia mrefu, wasichana wangu wanamuita Bwana Harusi, kaota kitu ubavuni. Kilianza kama choroko, upande wa kushoto chini kidogo ya pezi la mgongoni, nikajua kajigonga kwenye kioo. Hiyo ilikuwa kabla ya Pasaka. Saivi kimefika punje ya karanga, zile karanga kubwa, kina rangi ya pinki kinang'aa, ukisogeza jicho unaona vimishipa vyekundu kama uzi wa kushonea, na magamba ya pale juu yameachana. Ila anakula! Tena nikigonga kioo asubuhi yeye ndo wa kwanza kufika.

Shida imeanza na mteja wangu mmoja nesi. Alikuwa anasukwa twende kilioni, akamkazia macho yule samaki karibu nusu saa, af akasema Mama Eliza hiyo ni kansa, mimi nimeziona nyingi. Basi. Neno likatembea. Wiki iliyofuata mwingine akagoma kuoshwa nywele, eti sponji ya samaki mwenye kansa tunaikamulia kwenye sinki hilo hilo la kuoshea (ni kweli huwa tunaikamulia pale, ndo kwenye bomba). Wasichana nao sasa hakuna anayetaka kubadilisha maji, kila mtu anamsukumia mwenzake.

Ushauri umekuwa mwingi mpaka nachanganyikiwa. Shemeji yangu kasema nimpe wembe mpya atakikata atapaka jivii, dakika mbili. Fundi simu wa mlango wa pili yeye alikuja na rangi mbili, akafungua vidonge vinne akamwaga unga ndani, maji yakawa ya njano na wale wadogo wakaanza kuhemea juu juu, ikabidi nibadilishe maji yote usiku ule ule. Mama mkwe anasema nikamtupe ziwani akafie kwao.

Mjomba naomba unisaidie. Hivi kweli samaki anapata kansa? Inaambukiza? Nimuue au nimuache? Chakula namlisha vizuri, kile cha kununua kikiisha nampa mashudu na unga wa dona, nina kiroba kilipata unyevu msimu wa mvua kikaota ukungu kidogo, sisi hatuwezi kuula ndo nikaona niwape samaki na kuku. Maji tunabadilisha yote kila mwisho wa mwezi na tanki tunalisugua na sabuni ya unga mpaka linang'aa. Na pampu ya hewa ipo juu kwenye shelfu haijawahi kuzima, labda umeme ukatike.

Mama Eliza, Kirumba


MJOMBA KAMONGO ANAJIBU

Mhola duhu, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya kwanza nimecheka kwa ajili ya fundi simu, mara ya pili sikucheka.

Nianze na wateja maana hao ndo wanakula mtaji wako. Ndio, samaki anapata kansa, goldifishi na ndugu zake wa jamii ya kapu (samaki, Kiingereza carp, sio kikapu) wanaota uvimbe sana tu, na hata papa ambaye watu wanadanganyana kwamba haugui anaugua. Lakini kansa ya samaki haimpati mtu. Haipiti kwenye maji, haipiti kwa kumshika, haipiti kwa kumuangalia ukiwa unasukwa. Ni seli za mwili wake mwenyewe zimeacha kusikia amri zikaanza kuzaana ovyo, zikitoka kwake hazina pa kukaa.

Ila huyo mteja aliyegoma kuoshwa, sababu kakosea, sinki hajakosea. Kuna bakteria anakaa kwenye maji ya matanki, anaitwa Mycobacterium marinum, ni ndugu wa yule wa TB, na huyo anampata mtu. Anaingia pale palipokatika kidogo tu, kwenye kidole au kiganja, panatoka kinundu au kidonda kinachokaa wiki na wiki hakiponi na dawa zake zinanywewa miezi. Sasa wasichana wa saluni, mikono yao ilivyo na vijeraha vya sindano za kushonea wivingi na nyembe, na hao hao ndo wanaokamua sponji kwa mkono mtupu! Glavu unazo, zile za kupakia rangi. Wavae. Sponji ikamuliwe kwenye ndoo ya samaki yenyewe, maji yakamwagwe chini ya mti huko nje, na lile sinki libaki la vichwa vya watu. Siku mteja akiuliza utakuwa na la kujibu.

Haya, je ni kansa? Nesi wako kaona kwa jicho, na kwa jicho hakuna mtu anayejua, hata mimi, hata daktari. Mpaka kipande kikatwe kikaangaliwe kwenye hadubini. Nikupe kisa kimoja. Karibu mwaka 1910 huko Pennsylvania, Marekani, kwenye mabwawa ya kufugia samaki aina ya trauti, samaki walikuwa wanaota uvimbe mkubwa shingoni na wataalamu wakubwa wakasema kansa, kansa ya koo. Akaja daktari mmoja David Marine akaangalia akasema jamani hili ni rovu. Rovu hili hili wanalopata watu wa milimani wasiokula chumvi yenye madini joto. Wakabadilisha malisho, wakatia iodini, uvimbe ukaanza kurudi chini. Kwa hiyo neno kansa tulitoe mdomoni polepole.

Wa kwako hana rovu, rovu linakaa chini ya koo na linasukuma mashavu yafunguke. Wala sio zile ndui za kapu ambazo ni kirusi, zile zinafanana na nta ya mshumaa iliyodondokea kwenye ngozi, tena zinakuja baridi ikiingia. Na wala sio vile vidoti vyeupe kwenye vifuniko vya mashavu, hivyo dume akiwa na hamu ya jike anaota vyenyewe, watu wanamwagia dawa samaki wa watu kumbe yupo kwenye mapenzi. (Kuna wengine wana kofia nzima ya nyama kichwani, hao ndo aina yao ilivyo na wanauzwa ghali kwa ajili ya kofia hiyo. Niliwahi kuletewa mmoja mtu analia.)

Nilichokiangalia mimi kwenye maelezo yako ni haya: ni kimoja, kipo upande mmoja, kimekua taratibu miezi na miezi, kipo kwenye nyama ya ubavu, kina mishipa yake ya damu, na mwenye nacho anakula. Goldifishi wanaota hivi sana, ni uvimbe wa tishu za chini ya ngozi au wa ule utando unaofunika neva, na mwingi wake ni wa kukua pale pale bila kutembea kwenda kwenye ini wala figo. Ubaya wake ni ukubwa. Unaanza karanga unafika zabibu, samaki anaogelea upande, unasuguana na kioo, unachubuka, kidonda kinaingia wadudu. Kinachoua mara nyingi ni hicho kidonda.

Kwa hiyo mimi nakwambia usimuue. Goldifishi sio samaki wa miaka miwili mitatu kama watu wanavyodhani, akitunzwa anafika kumi na kuendelea, kuna mmoja Uingereza aliitwa Tish alikufa 1999 ana miaka 43, alikuwa mkubwa kuliko wewe. Bwana Harusi wako bado kijana.

Kukata kupo. 2014 huko Melbourne, Australia, goldifishi anaitwa George, mwenye miaka kumi, alitolewa uvimbe kichwani na daktari wa wanyama, kazi ya kama dakika 45, kwa dola kama 200 za kwao. Waliweka ndoo tatu. Ya kwanza maji yenye dawa kali ya usingizi, ya pili dawa nyepesi ya kumfanya asiamke, ya tatu maji safi ya kumuamshia. Na muda wote wa kukata alikuwa anapitishiwa maji yenye oksijeni mdomoni kwa kimrija, maana samaki ukimtoa nje unamziba pumzi. Sasa nieleze shemeji yako na wembe wake na jivii anazo ndoo ngapi. Tena uvimbe wenye mishipa ile uliyoiona ukikatwa unavuja kweli kweli, na ngozi ya samaki wa maji baridi ndo ukuta wake, ikitobolewa maji yanaingia mwilini yenyewe na figo inashindwa kuyatoa. Shemeji mpe soda akae.

Daktari wa mifugo ukimpata aliye tayari kumuona samaki mpeleke, anzia ofisi ya mifugo na uvuvi ya Ilemela ukaulize, usione aibu kwamba ni samaki wa urembo. Na siku akifa, Mungu apishe mbali, ukitaka kujua kilikuwa nini usimgandishe kwenye friza, barafu inapasua zile seli wanazotaka kuziangalia. Muweke kwenye mfuko, mfuko juu ya vipande vya barafu, umpeleke siku hiyo hiyo.

Rangi mbili. Ile ni antibayotiki, kazi yake kuua bakteria, uvimbe sio bakteria. Ulichofanikiwa ni kuwaua wale bakteria wazuri wanaoishi kwenye sponji ya kuchujia maji. Samaki anatoa amonia kupitia mashavu na kwenye kinyesi, inamchoma mwenyewe, wale bakteria ndo wanaigeuza kuwa kitu chenye nafuu. Hao wadogo waliokuwa wanahemea juu huenda walikuwa wanaungua mashavu. Na usafi wenu wa mwisho wa mwezi ni kosa lile lile, mnatoa maji yote, mnasugua na sabuni ya unga mpaka linang'aa, yaani kila mwezi samaki anahamia nyumba mpya isiyo na choo. Badilisha robo ya maji kila wiki, hiyo inatosha, ukikuta yamechafuka sana toa theluthi. Maji ya bomba yana klorini, yaache kwenye ndoo wazi siku nzima kabla ya kuyatia. Sponji ikamue kwenye maji uliyoyatoa tankini, isiguse bomba, isiguse sabuni. Na lita 60 kwa goldifishi watatu ni kulala mzungu wa nne mwanangu, ukipata hela tafuta tanki kubwa, hata mara mbili ya hilo bado sio la kifahari.

Pampu ipo juu kwenye shelfu, umesema. Shelfu ya nini? Maana saluni ninazozijua mimi kwenye shelfu kuna spree ya nywele, asetoni ya kutolea rangi ya kucha, na dawa ya kurelaksi inayochoma macho. Pampu ya hewa haitengenezi hewa, inavuta ile iliyopo hapo ilipo na kuipeleka chini kwenye maji masaa 24. Wewe ukizidiwa na spree unatoka nje, Bwana Harusi anatokea wapi? Sisemi ndo iliyomletea uvimbe, nasema itoe leo. Mpira wa pampu mrefu hauna gharama, nunua mita tatu, pampu iweke dirishani upande wa hewa safi, juu kuliko maji ili umeme ukikatika maji yasirudi nyuma kupitia mpira.

Sasa kile kiroba.

Hapa ndo pale ambapo sikucheka. Unga ulioota ukungu unaweza kuwa na sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu, huioni, haina harufu, na kupika hakuitoi. Miaka ya 1960 mwanzoni huko Marekani trauti wa kufugwa walikutwa na kansa ya ini mashamba kwa mashamba, watu wakatafuta kirusi, wakatafuta sumu ya maji, ikaja kuonekana ni chakula, mashudu ya pamba yaliyoota kuvu. Mashudu ya pamba! Sisi hapa ukanda mzima huu ndo pamba yetu, mashudu ndo ng'ombe, ndo kuku, ndo samaki. Sio kwamba mashudu ni mabaya, mashudu makavu ni chakula kizuri tu, ila yaliyokaa kwenye unyevu ni habari nyingine. Trauti ana ini laini mno kwa sumu ile, sato anavumilia kuliko yeye, lakini kuvumilia sio kupona, ini linaumia na hakui.

Uvimbe wa Bwana Harusi siutupii kiroba, sumukuvu inalenga ini na wake upo ubavuni. Ila kuku wako wanataga, na mayai anakula Eliza. 2016 Dodoma na Manyara watu wamekufa kwa mahindi yenye sumu hiyo hiyo, sio hadithi ya Ulaya. Kiroba chote chimbia au choma, usimuuzie mtu wa nguruwe, usichague sehemu nzuri na mbaya maana sumu inatangulia pale ukungu ambapo bado hauonekani. Samaki wape chakula chao, nunua kidogo kidogo kopo lisikae mwaka mzima, na kikiisha chemsha njegere umenye ganda uwape, au kipande cha mchicha. Wataigombania.

Lini sasa uanze kufikiria kumpumzisha? Akikaa siku nne tano hataki kula, akiwa analala ubavu chini ya tanki, uvimbe ukipasuka na wenzake wakaanza kuudonoa, au tumbo likijaa maji magamba yakasimama yote kama koni ya msonobari. Hapo nenda duka la dawa ununue mafuta ya karafuu, yale ya jino. Chukua chombo cha lita mbili cha maji ya tanki lake, muweke humo, matone machache yatikise kwanza kwenye chupa yenye maji ya uvuguvugu mpaka yawe meupe kama maziwa, mmiminie polepole. Atalala ubavu. Akishalala ongeza mpaka jumla ifike matone 20, na mashavu yakiacha kucheza usimtoe, subiri nusu saa nzima. Halafu mzike. Usimtie kwenye friza akiwa hai, usimmwage chooni.

Na ziwani hapana, mwambie mama mkwe kwa adabu kwamba kwao sio huko, kwao ni Uchina. Sisi watu wa ziwa hili tumeshalipa vya kutosha kwa vitu vya kuletwa, sangara aliletwa miaka ya 1950 akala furu mpaka aina nyingi hatuzioni tena, magugu maji nayo yaliingia Afrika kama ua la kupamba bwawa la mtu. Goldifishi mmoja mwenye vijidudu vya tanki hatuna shida naye mpaka siku tutakapokuwa nayo.

Wasichana wako wape kazi moja ya ziada, kila Jumapili mmoja apige picha ya ule upande wa kushoto, ashike sarafu ya shilingi 200 kwenye kioo karibu na uvimbe, ili wiki nane zijazo tusibishane kama umekua au macho yetu. Taa kubwa ya kwenye kioo cha kusukia muizime wakati wa kupiga, inaakisi. Ya kwanza nitumie hii Jumapili, na uniambie pampu umeihamishia dirisha lipi.